Michoro 1,140 ilipotea, lawama akabebeshwa Evodia

Saa tatu asubuhi, Hamriya, Muscat. Evodia Rweyemamu anaitandaza kofia kuukuu ya mteja chini ya taa, anaipiga picha, anaikuza kwenye kompyuta na kuanza kuichora upya, kitobo kimoja baada ya kingine. Nyuma yake mashine sita za darizi zinanguruma.

"Mchoro huu niliuchora mwaka 2019," anasema bila kuinua macho. "Leo nauchora tena. Unadhani nafurahi?"

Evodia, 38, mzaliwa wa Bukoba, ni mchoraji katika karakana ndogo ya kofia za Kiomani. Mashine hushona kwa kufuata mchoro uliomo kwenye kompyuta. Pasipo mchoro, hakuna kofia. Kwa miaka saba, kwa mshahara wa riyali 170 kwa mwezi, alichora michoro 1,140. Februari mwaka huu yote ilipotea.

Jumamosi moja ya mwezi huo aliwasha kompyuta akakuta kila faili limefungwa, na ujumbe wa Kiingereza unadai fedha. Kirusi cha kompyuta kilikuwa kimeingia. Akakimbilia diski ya nje yenye nakala. Nayo imefungwa, kwa sababu ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo siku zote.

Hapo ndipo hasira yake inapoanzia.

Mwaka mmoja kabla, Obedi, fundi kompyuta Mtanzania anayehudumia maduka ya mtaa huo, alimwonya. "Nilimwambia, dada, nakala iliyochomekwa muda wote si nakala. Kirusi kikiingia kinabeba vyote," anakumbuka.

Evodia akamwomba mwenye karakana, Sinan, amruhusu kuichomoa diski kila jioni na kuiweka mahali pengine. Aliomba mara tatu. Mara tatu alikataliwa.

"N'lihofia michoro itatoka nje, iuzwe duka jengine," anasema Sinan, Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. "Nna washindani mtaa mzima."

"Yaani aliniona mwizi," Evodia anasema, sauti ikipanda. "Miaka saba!"

Asubuhi ile ya Jumamosi Sinan alimfokea mbele ya wateja wanne: "We Evodia, umefungua barua pepe gani? Umen'maliza!" Akamwamuru airudie michoro yote, na likizo yake ya Agosti akaifuta. Ndiyo likizo ambayo Evodia angekwenda kumwona mama yake baada ya miaka mitatu.

Evodia hakulia. Alimpigia simu Obedi. Fundi huyo aliichunguza kompyuta kwa saa mbili, kisha akamgeuzia Sinan kioo aone mwenyewe. Kiambatisho chenye kirusi kilifunguliwa Ijumaa, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ijumaa ni siku ya mapumziko Oman; saa hiyo Evodia huwa misani, mtaa wa Ruwi, na karakana huwa imefungwa. Mwenye ufunguo ni mmoja tu.

"Nikamuuliza, 'Bosi, Ijumaa nani alikuwa hapa?' Akaangalia simu yake," anasimulia Evodia. "Hakusema samahani. Mpaka leo hajasema."

Sinan hakatai. "Kweli, n'lifungua mie. N'lidhani oda ya vitambaa," anasema, kisha anaomba tuzungumze jambo jingine.

Kabla ya kuchora hata kitobo kimoja, Evodia aliweka masharti. Diski ziwe mbili, za kupokezana, na zichomekwe wakati wa kunakili tu. Moja ikae nyumbani kwa Sinan, Madinat Sultan Qaboos. Kila Alhamisi yeye Evodia afungue mafaili kadhaa ya nakala kuhakikisha yanafunguka. Na likizo irudi. Sinan alikubali siku hiyohiyo. Hakuwa na mtu mwingine wa kuchora.

Wateja nao wanaleta kofia zao za zamani. Bi Kheiria alitoka Al Amerat na kofia kumi na moja za marehemu mumewe.

"Chukua mwanangu, lakini usizifue," alimwambia. "Harufu yake imo humu."

Hadi wiki iliyopita, Evodia alikuwa amerudisha michoro 296. Mingine haitarudi kamwe; hakuna kofia wala picha ya kuiga.

Mkataba wake unaisha Desemba. Sinan anataka kuuongeza, lakini Evodia ameshaulizia mashine ya darizi iliyotumika, na mdogo wake anatafuta chumba karibu na soko la Bukoba. Anataka kushona nembo za sare za shule na mavazi ya kwaya.

"Michoro ya kwake nitamwachia yote, nakala mbili, nimezikagua," anasema, akigeukia tena kompyuta. "Lakini nitakayochora kule itakuwa yangu, na sitamwomba mtu ruhusa ya kuitunza."