Vita vya Thelathini vya Baba Mkwe

Jumamosi moja ya Julai, baba mkwe wangu alikuja mbele ya meza yangu mara tatu kabla ya saa sita mchana, na kila alipokuja alileta kosa ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kulikamata.

Nikadhani ananidharau.

Ngoja niwaeleze taratibu, maana hata leo nikilikumbuka jambo lenyewe nachoka upya.

Naitwa Danka. Siku za kazi mimi ni fundi wa meno ya bandia, hapa hapa Poland. Ikifika Julai naenda uwanja wa Brodnik na watu wengine elfu moja, wazima, wenye akili zao timamu, tunavaa chuma na kupigana tena vita vilivyopiganwa miaka mia sita iliyopita. Watazamaji wanakaa kwenye majani wanakula soseji.

Mimi sipigani tena. Nilipigana miaka minne, goti likagoma. Tangu hapo nimekaa kwenye meza ya ukaguzi, mwaka huu ni wa kumi na moja.

Hakuna anayeingia uwanjani mpaka nimeshika kila kitu chake. Upanga, shoka, mkuki, kofia ya chuma, glavu. Ukingo wa upanga usiwe mwembamba kuliko milimita mbili. Ncha iwe na mviringo kama wa sarafu. Halafu natoa soksi ndefu ya kike, ile nyembamba ya kuvaa na gauni, naivuta juu ya ukingo kutoka mpinini hadi nchani. Uzi ukinaswa, pana vijino vya chuma, na kijino kimoja kinatosha kumfungua mtu shavu. Upanga unarudi ulikotoka.

Asubuhi hiyo sipendwi na mtu. Jamaa mmoja alikuja na upanga wa kutundika ukutani, kaununua duka la watalii, unameta kama sufuria mpya. Nikamfungulia mpini nikamwonyesha: chuma kilichoingia ndani ni chembamba kama penseli. Ukipiga mara mbili, upanga unaruka kwa watazamaji, wewe unabaki umeshika mpini. Akasema dukani wamemhakikishia ni imara. Nikamwambia akapigane na mwenye duka.

Sasa huyu baba mkwe.

Anaitwa Walenty, ana miaka sitini na tisa, fundi wa reli mstaafu. Kikosi chetu alikianzisha yeye. Kanuni ninazozisimamia pale mezani aliziandika yeye, kwa mkono, kabla sijaolewa. Mume wangu ni dereva wa malori na Julai nzima yuko barabarani, kwa hiyo mzee nakwenda naye mimi na narudi naye mimi.

Mwaka huu vilikuwa vita vyake vya thelathini. Nahodha wetu, Radek, mtu mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa amechapisha fulana arobaini zenye sura ya mzee na namba thelathini kifuani. Keki ilikuwa imeshaletwa, iko kwenye kivuli cha hema inazongwa na nyuki.

Na kuna jambo moja mlielewe, bila hilo hamtanielewa.

Kwetu kifaa kikikataliwa si aibu. Hata nahodha hukataliwa. Unavua chuma, unapewa bia, unawabebea wenzako maji, na hakuna anayekuuliza lolote. Lakini mtu akijitoa mwenyewe asubuhi ya vita, vifaa vyake vimepita, mikono anayo na miguu anayo, huyo anaitwa "mtalii". Ataitwa mtalii mpaka anazikwa. Kuna bwana alijitoa mwaka ule wa mafuriko, na hadi leo mkewe akipita sokoni anaitwa mke wa mtalii.

Basi.

Saa mbili na nusu asubuhi, mzee akafika mezani, akalaza upanga wake. Nikavuta soksi. Ikanasa mara saba.

Mara saba, kwa mtu anayepiga tupa upanga wake kila Ijumaa kabla ya chakula.

"Baba, hii nini tena?"

"Kanuni si unazijua," akasema. "Ukatae tu."

Huruma ikanishika. Nikajisemea uzee huo, amesahau. Nikachukua tupa, nikalainisha ukingo wote, nikapiga msasa, nikapitisha soksi mpaka ikateleza bila kunasa. Dakika ishirini, na foleni ya watu kumi na wawili wamevaa chuma kwenye jua. Mmoja akasema kwa sauti kwamba kumbe ukiwa na mkwe mezani unapata na karakana ya bure.

"Tayari, Baba."

Akautazama ule upanga muda mrefu, akauchukua, akaondoka. Hata ahsante hakusema, na hilo liliniuma.

Saa nne akarudi. Safari hii glavu. Dole gumba la kulia lilikuwa limefumuka na vibati vyake vya chuma havipo. Vidole ndivyo vinavyovunjika kuliko kitu kingine chochote uwanjani, na dole gumba ndilo la kwanza. Hilo nalo alinifundisha yeye.

"Bila vibati sipiti, au sivyo?"

"Hupiti, Baba."

"Haya." Akaanza kufungua mikanda ya koti lake, bila haraka, kama mtu amefika nyumbani.

Nikamwambia asivue. Nikakimbia hadi garini, mteremko mzima na goti hili langu, nikatafuta glavu za mume wangu chini ya mahema na masufuria, nikapanda nazo nikihema. Zilimkaa sawasawa.

"Danka, pumzika mwanangu," akaniambia.

"Nitapumzika ukishaingia uwanjani."

Akakaa kwenye benchi langu, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nusu ya chai ikamwagika mezani, kushoto mwa kikombe. Nikaona meza imepinda, nikachukua kipande cha ubao nikakisokomeza chini ya mguu mmoja wa meza.

Mimi nina ugonjwa huo, nakiri. Jambo likiharibika natafuta kifaa cha kulaumu. Mwezi wa tano, kwenye mazoezi yetu ya Jumatatu katika ukumbi wa shule, mzee alimpiga nyuma ya sikio dada mmoja mgeni, Iga. Mazoezini tunatumia panga za plastiki nzito inayopinda kidogo ikigonga, na usoni tunavaa barakoa za waya. Barakoa haifuniki kisogo. Iga alivimba sikio wiki nzima, mzee akasema mkono umeteleza. Nilifanya nini mimi? Niliagiza vifuniko vya kisogo kwa kikosi kizima nikajiona mjanja.

Saa tano na nusu wakaja wawili. Radek amemkumbatia mzee begani, anaimba, ndani ya ile fulana.

"Haya Danka, mbandikie shujaa wetu kibandiko tukale keki."

Kibandiko chekundu kwenye kofia ndiyo ruhusa ya kuingia. Nikaishika kofia, nikaigeuza. Kamba ya kidevu ilikuwa imekatika. Bila kamba hiyo, pigo la kwanza tu linaizungusha kofia na mtu anabaki kipofu ndani ya chuma.

Hapo kichwa kikapata moto. Makosa matatu siku moja, na keki inasubiri. Nikafungua mdomo nimseme.

Halafu nikaiona ile kamba vizuri.

Ngozi ikikatika yenyewe hufumuka, huacha nyuzi. Ile ilikuwa imekatwa. Mkato mmoja ulionyooka, mweupe ndani, wa asubuhi ile ile. Mimi kazi yangu ni meno, nakijua kilichovunjika na nakijua kilichokatwa kwa kisu.

Nikainua macho. Mzee alikuwa ananitazama, lakini kichwa kizima amekigeuza, ananitazama kwa jicho la kulia. Nikanyoosha mkono kupita kushoto mwa uso wake, kama naomba chupa ya chai. Nikausogeza karibu kabisa na kope.

Hakupepesa.

Jamani, jicho la kushoto halioni. Chai, sikio la Iga, vijino saba vilivyogongwa kwa nyundo na mtu anayejua pa kugonga. Mzee hakuwa akiniletea makosa. Alikuwa akiniomba. Na mimi, kwa upendo wote nilionao, nilikuwa natengeneza kila alichokivunja na kumsukuma kurudi vitani.

Niliona aibu kama nimekutwa nikiiba.

"Kamba tu?" Radek akasema. "Ninayo." Akachomoa kamba kwenye kofia yake ya akiba, akaipigilia kwenye ile ya mzee kwa misumari miwili bapa, anapiga mluzi. Dakika tano hazikufika. Akaiweka kofia mbele yangu.

Sasa kila kitu kilikuwa salama. Upanga salama, glavu salama, kofia salama, na ukaguzi nimeufanya mimi. Mstari wa mbele niliupanga mimi pia, kwa hiyo nilijua kushoto kwa mzee, upande ule asiouona, atasimama Iga, vita vyake vya kwanza.

Nikisema haoni, nasema mbele ya Radek na foleni nzima, na miaka thelathini inaishia pale, mtu anashikwa mkono kama mgonjwa. Nikinyamaza, namtuma akamuumize mtoto wa watu, au aumizwe yeye.

Mzee alikuwa ameshaanza kuivaa kofia. Taratibu sana. Alikuwa amekata tamaa na mimi.

"Naomba upanga tena," nikasema.

Radek akacheka. "Si umeupitisha asubuhi?"

"Lete."

Upanga ukiushika kwa vidole viwili ukauacha uning'inie, kisha ukaugonga kwa kifundo cha kidole, unalia. Wenye ufa hutoa sauti fupi, kavu, kama kikombe kilichopasuka. Hilo kwetu kila mtu analijua, hata wanaouza soseji.

Nikaugonga.

Ukalia. Sauti safi, ndefu, hadi mtu wa tatu kwenye foleni akageuka kusikiliza. Nikasubiri mpaka iishe yote.

"Una ufa," nikasema. "Haupiti."

Miaka yote ile pale mezani sikuwahi kusema uongo, hata kwa mume wangu, ambaye nilimkataa mara mbili.

Radek akabaki mdomo wazi. Alikuwa ameusikia kama nilivyousikia mimi. Akanitazama, akamgeukia mzee. Mzee alikuwa ameinama anavua glavu.

"Nilikuwa nauhisi mkononi," mzee akasema. "Tangu mwaka juzi."

Nikamkazia macho Radek. Garini kwake mlikuwa na panga sita za akiba, zote zimepita ukaguzi, zote nimezishika mwenyewe. Angesema neno moja tu, mzee angepewa upanga mwingine na kazi yangu yote ingekuwa bure.

Radek akajikuna shingo.

"Na za akiba nimeshazigawa zote," akasema. "Pole, Mzee. Twende nikutafutie bia."

Ndivyo ilivyokwenda. Saa nane watu wakapigana. Mzee alibeba maji, amevaa fulana yenye sura yake mwenyewe, na kila aliyemkuta akampa pole ya upanga. Iga alitoka uwanjani na jasho na matope, mzima, akanywa vikombe vitatu mfululizo kutoka mkononi mwake. Nilikaa kwenye benchi nikawatazama, na nilikuwa nimechoka hata kulia sikuweza.

Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia. Jicho la kushoto limekuwa na ukungu miaka miwili, na tangu majira ya baridi haoni nalo kabisa. Siku ile ya sikio la Iga alirudi nyumbani akajifungia bafuni. Kila alipotaka kumwambia Radek, Radek alikuwa anamkumbatia.

"Sasa mimi je, Baba? Mbona hukuniambia mimi?"

Akapandisha kioo cha gari, akafumba macho yote mawili.

"Danka," akasema, "nilikuwa nakuambia tangu saa mbili na nusu asubuhi."

Niliendesha kilomita zote zilizobaki, naye akalala.

Mzee ameniruhusu kuandika haya. Amesema aliyebaki wa kumwita mtalii amfuate nyumbani. Na Radek, kama unasoma, ndiyo, panga zote sita nilizihesabu tulipokuwa tunapakia. Nashukuru.

Ninyi wengine wenye wazazi waliozeeka, au wenzenu kazini wasiojua kusema hapana, nawaomba kitu kimoja. Mtu akikuletea kitu kibovu leo, na kesho kibovu, na keshokutwa kibovu, usikimbilie kukitengeneza. Mtazame aliyekileta. Muulize kama anataka kuendelea. Mimi kuuliza kungenichukua nusu dakika, na badala yake nilimpigia mzee wangu tupa dakika ishirini.