Nilivyofuta namba zote za meli ya mbao kwa msasa, na bado ikasimama kabla mwezi haujaisha

Wakuu, kamwene nyote. Huku Njombe ukungu bado umekaa barabarani, bodaboda wamejifunga makoti mpaka machoni, na mimi nimepata nafasi ya kuandika jambo lililonikaa moyoni wiki nzima.

Hii siyo chai. Limenitokea mwenyewe, na nikikosea kuandika mtanivumilia, kalamu siyo kazi yangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi mtaa wa Ramadhani hapa mjini. Nafanya kazi kwenye karakana ya samani ya mzee mmoja tunayemwita Fundi Lameki. Karakana ni yake na neno la mwisho ni lake.

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa moja tu. Msasa.

Wenzangu wanapima, wanakata, wanaunga. Wakimaliza kitanda au kabati wananisukumia nilainishe, nipake vanishi, nibaki na vumbi langu. Karakana nyingi za huku mwanamke ndiko anakowekwa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

Sasa mwaka huu fundi mmoja akahamia Songea, benchi lake likabaki wazi. Nikajikaza, nikamfuata bosi nikamwambia hilo benchi nalitaka mimi.

"Mama Neema," akasema, tena kwa upole kabisa, "mkono wako ni wa msasa. Benchi linataka hesabu. Mwezi ukiisha kuna fundi anakuja kutoka Makambako."

Ayubu, fundi wa benchi la jirani, alicheka mpaka akaweka randa chini. Iliniuma, sitaki kuwadanganya. Nilirudi nyumbani nikapika ugali ukaungua.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Makambako kwa dada yangu, nipumzishe kichwa. Dada anauza mitumba sokoni, viatu na midoli ya watoto. Nikamkuta amefungua balo jipya, na pembeni kuna boksi kubwa limekaa peke yake.

Juu ya boksi kuna picha ya meli ya mbao. Ila siyo meli nzima, wakuu. Ni kipande cha katikati tu, kama mtu amekata mkate akakuletea slesi moja nene. Unaona mbavu za meli, sakafu zake mbili, mapipa yamepangwa chini na mzinga wa vita umekaa juu. Ndani mna vijiti na vipande vya mbao, unaunga mwenyewe.

Baadaye nilisoma mtandaoni kwamba wenye mchezo huo wanaita cross-section, na kuna watu wazima wenye ndevu zao wanajifungia ndani miezi wakiunga hivyo vitu kwa starehe tu.

"Chukua, mdogo wangu," dada akasema. "Kila mteja anafungua, anaona vijiti, anafunga. Mimi nilishapanga kuwashia mkaa."

Nikalichukua. Na njiani kurudi Njombe wazo likaniingia. Nitaunga hiki kitu, nitakiweka mezani kwa bosi kabla mwezi haujaisha, tuone kama mkono wangu ni wa msasa peke yake.

Mjue tu kwamba meli yenyewe sijawahi kupanda. Ziwa Nyasa nimeliona mara moja, tulipokwenda kuzika kule Manda, na siku hiyo nani angetazama vyombo vya majini.

Nikafungua boksi nyumbani. Maelezo yameandikwa kwa lugha ambayo siyo Kiingereza, lugha gani sijui mpaka leo. Ila kuna picha. Nikatoa mbavu, zipo tisa, kila moja imepinda kama U. Zimekatwa kwa mashine, kingo nyeusi kama zimepitiwa na moto, na juu kuna michoro midogo midogo ya ovyo.

Wakuu, mtu wa msasa akiona mbao ina uchafu, mkono unaenda wenyewe.

Nikapiga msasa zote tisa. Mbele, nyuma, kingo. Zikang'aa mpaka Baba Neema akasema zinafaa kuwekwa sebuleni hivyo hivyo.

Ndipo nikafungua ukurasa wa pili. Picha inaonyesha mbavu ya kwanza ina namba moja, ya pili namba mbili, mpaka tisa. Ile michoro ya ovyo ndiyo ilikuwa namba. Nilikuwa nimezifuta zote, tena kwa ustadi mkubwa.

Mnaweza kusema si zinafanana, panga tu. Nami nilisema hivyo. Lakini meli inajibana kidogo kidogo kuelekea mbele, kwa hiyo kila mbavu inapishana na mwenzake kwa unene wa ukucha, pengine hata chini ya hapo. Ukikosea mpangilio, mbao za nje zinakaa mawimbi. Nikachukua rula ya shule, ikanipa jibu moja kwa mbavu tano.

Nililia. Siyo kwa ajili ya mchezo. Nililia kwa sababu niliona bosi amesema kweli.

Kesho yake nikafanya kosa la pili, nikamsimulia mwenzangu mmoja karakana. Kabla ya saa nne Ayubu anajua, na kabla ya chakula bosi anajua.

"Mbavu tisa za kuchezea zimekushinda," bosi akaniuliza, "je, kabati la milango sita?"

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikamjibu mbele ya watu, "Nikiisimamisha kabla mwezi haujaisha, nipe benchi."

Akanitazama.

"Ilete kwanza."

Basi hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Nikishindwa, siyo benchi tu nakosa, nitachekwa hadi nizeeke.

Jumatano nikawa napiga msasa meza ya kulia aliyoiunga Ayubu. Mimi nina tabia ya kufumba macho nikipitisha kiganja, nimezoea tu. Mkono ukagonga kitu mahali mbao mbili zinapokutana. Nikamwambia Ayubu hapa pamepanda. Akainama, akatazama, akaapa ni sawa. Nikaweka kipande cha mbao kilichonyooka, mwanga ukapita chini yake.

Nikabaki nimesimama pale na vumbi usoni, nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa nahangaika na rula wakati kipimo ninacho.

Jioni ile nikazisimamisha mbavu zote kwenye uti wa meli bila gundi, nikazibana kwa njiti za kiberiti. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono ukipanda, nabadilisha. Ukishuka, nabadilisha. Baba Neema akachungulia, akaniuliza kama naiombea.

Jioni tatu, wakuu. Ya nne mkono ukapita kutoka mbavu ya kwanza hadi ya tisa bila kugonga popote. Nilipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna mgeni wa posa.

Shida hazikuishia hapo. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua wa huku. Gundi nyeupe ilikataa kabisa kushika, inakauka kama chaki halafu inaachia. Ikabidi chupa ya gundi niifunge tumboni kwa kanga saa nzima kabla ya kazi, na meli niilaze jikoni karibu na jiko la mkaa. Mbao za nje nikaziloweka kwenye maji ya chai yaliyobaki kwenye chupa ndipo zikakubali kupinda.

Halafu pakiti ya vipini vidogo vya kushikilia mbao kama misumari haikuwemo, nadhani ilidondoka sokoni. Nikaenda kwa mama mkwe, ana mianzi ya kugema ulanzi, ile pombe yetu ya huku, nyuma ya nyumba. Nikachonga vijiti vyembamba, nikatoboa mfuniko wa kopo kwa msumari, nikawa navivuta kwenye tundu mpaka vikawa duara. Mama mkwe akauliza ni vya kuchokonolea meno ya nani. Mamia ya vipini, vidole viliota sugu mpya juu ya za zamani.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi nikaiweka meli kwenye boksi la maparachichi, nikapanda boda, nikamwambia dereva akipita kwenye shimo tutagombana.

Nikaiweka mezani kwa bosi. Mafundi wote wakasogea. Ayubu akasema, "Sasa meli gani hii haina mbele wala nyuma?" Watu wakacheka.

Bosi hakucheka. Akavaa miwani, akachungulia mapipa, akachungulia mzinga, akahesabu mbavu. Kisha akavua miwani, akafumba macho, akapitisha kiganja ubavuni mwa meli. Kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudia.

"Si ulifuta namba?" akauliza.

"Nilifuta, Baba."

"Sasa mpangilio umeupata wapi?"

"Kwa kiganja."

Akamwita Ayubu, akamwambia naye ashike. Ayubu akapitisha mkono, akapitisha tena, akatafuta mpaka upande wa chini. Akasema, "Hamna kitu, bosi. Imelala."

Fundi Lameki akatoa simu palepale mbele yetu, akampigia yule fundi wa Makambako. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ndugu yangu, nisamehe sana, usifunge mizigo. Ile nafasi imepata mtu."

Nilikwenda nyuma kwenye rundo la pumba za mbao nikakaa, nikalia tena, safari hii kwa raha.

Jumatatu nikaanza. Kazi yangu ya kwanza benchini ilikuwa droo nne za kabati la mwalimu mmoja wa hapa mjini, na zote zinaingia na kutoka kwa kidole kimoja. Bosi naye ametoa amri mpya, kila fundi apige msasa kazi yake mwenyewe. Ayubu ana malengelenge, na ananiuliza mimi ashikeje.

Nilichojifunza, kwanza soma maelezo yote kabla hujagusa kitu, hata kama huielewi lugha angalia picha. La pili ni kwa wale mnaofanya kazi ambayo wenzenu wanaiita ndogo, mnaofagia, mnaoosha, mnaobeba. Miaka hiyo haikupotea. Kuna kitu mwili wako umekijua na wakubwa wako kazini hawana. Kitafute, halafu uombe nafasi kwa sauti, mbele ya watu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye kujua meli hii ilikuwa ya nchi gani anijuze. Na kama kuna mwanamke humu yuko karakana anashika msasa mwaka wa tano, wa sita, aandike hapa chini ni benchi lipi analitaka. Nitamjibu mmoja mmoja, leo niko mapumziko.