Mumiani wa Mlola

Siku yangu ya kwanza kazini, mimi nilishika kichwa na Mkurugenzi akashika miguu. Tulikuwa tunaishusha maiti ya Misri kutoka kwenye pikapu, pale Soni, siku ya gulio.

"Taratibu," alisema. "Huyu ana umri mkubwa kuliko kijiji chenu."

Haikuwa maiti kweli. Ilikuwa sanamu ya katani na magazeti, imezungushiwa vitambaa vilivyolowekwa kwenye chai ya rangi ili ionekane ya kale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na miguu yangu haikupenda kukaa mahali pamoja.

Vijana wa siku hizi hawaijui kazi yetu. Tuliiita maonyesho ya maajabu. Tulizunguka magulio ya Usambara, na mara nyingine tukafika hadi mashamba ya chai kule Amani, ambako wafanyakazi walitoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na swali lake. Tulikuwa na darubini ya kutazamia mwezi, sumaku, jino la papa, konokono aliyegeuka jiwe, piramidi ya mbao, na huyo Mmisri. Tulikuwa watatu tu. Mkurugenzi, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mtu wa Tabora, alijipa cheo hicho mwenyewe. Dereva alikuwa Msambaa wa Bumbuli. Mimi nilianza kwa kubeba masanduku, nikapanda kuwa mpiga debe, kazi ya kuwaita watu, na mwishowe nikawa mfafanuzi, yule anayesimama kando ya kitu na kukieleza.

Ufafanuzi una kanuni zake. Watu wasimame duara, maana wakijipanga mstari, wa nyuma wanaanzisha mazungumzo yao. Halafu unahitaji tulichokiita daraja: kitu anachokijua msikilizaji, ukipitie kumfikisha kwa asichokijua. Daraja la Mmisri lilikuwa magadi.

"Wamisri wa kale waliwakausha wafu wao kwa magadi," nilikuwa nasema.

"Haya ya kupikia makande?"

"Ni ndugu wa hayo hayo, mama."

"Basi mume wangu alishakauka zamani."

Hapo duara lote lilikuwa langu.

Mkurugenzi hakulipenda jina "maiti ya Misri". Siku moja, tukipanda kwenda Mlola, alitufundisha kwamba neno mumiani, ambalo sote tuliliogopa tangu utoto kwa sababu ya habari za watu wanaonyonya damu za wenzao, lilianzia kwenye dawa nyeusi kama lami. Zamani wafanyabiashara waliikwangua hata kwenye maiti za Misri na kuiuza.

"Kwa hiyo huyu tuliyembeba ndiye mumiani mwenyewe," alisema. "Leo mwite kwa jina lake. Watu wakimwona alivyo mkavu, woga utawatoka."

Dereva hakugeuka. "Mimi nitaegesha gari limeelekea mteremko," alisema.

Nilipanda juu ya sanduku nikaita: njooni mumwone mumiani. Kina mama walibeba watoto wakaondoka, kabichi zao wakaziacha chini. Kisha wanaume wakaja, wengi, na mapanga ya shambani, wakatuzunguka kimya. Lile halikuwa duara nililofundishwa.

"Mmebeba mtu humo," mmoja alisema. "Tumeona miguu."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye kofia ya kufuma, akapenya katikati yao.

"Shikamoo, mzee," Mkurugenzi alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mumiani?"

"Ni sanamu, mzee. Ni mfano tu."

"Mfano unaujua wewe. Hawa umewaambia mumiani." Akawatazama watu wake. "Mfungue tuone. Kama ni sanamu, mtaondoka na gari lenu. Kama ni mtu, mimi siwezi kuwazuia hawa."

Mkurugenzi aliweka kiganja juu ya kifua cha Mmisri. Mimi na Dereva tulijua sababu. Vitambaa vile vilikuwa mashuka ya nyumbani kwake. Marehemu mkewe ndiye aliyeyachana na kuyazungusha, safu juu ya safu, mwaka wake wa mwisho, akimtania mumewe kwamba hana mkono wa kufunga hata mzigo wa kuni. Tangu azikwe, hakuna aliyeruhusiwa kuvuta uzi mmoja.

"Mgosi, fungua," Dereva alimwambia kwa sauti ndogo, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume wa kwao. "Nina watoto nyumbani."

Mkurugenzi alichukua mkasi, akakata kuanzia kifuani. Ilitoka katani. Yakafuata magazeti, na ukurasa wenye picha ya timu ya mpira.

"Kumbe mumiani ana timu," mtu alisema, na kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka. Mwenyekiti aliokota nyuzi za katani, akazinusa.

"Hii ya mabondeni, Korogwe huko," alisema. "Nimeikata ujana wangu wote."

Mama mmoja muuza kabichi alikuwa amerudi kwenye biashara yake. Akainama, akashika kitambaa kilichokatwa.

"Nani aliyefunga hivi?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

"Alishafariki."

Yule mama akawageukia wanaume. "Haya, mmefurahi?"

Alimwita fundi cherehani wa gulioni alete sindano na uzi. Uzi uliokuwepo ulikuwa mwekundu. Kina mama watatu waliketi juu ya magunia wakashona, mwenyekiti ameshika kichwa cha Mmisri, na Mkurugenzi ameshika ncha za kitambaa ili zikutane. Walipomaliza, akamwamkia kila mmoja upya, kama mtu aliyefika sasa hivi.

Simu zilipojaa mifukoni, magulio hayakutuhitaji tena. Nimestaafu, kama mtu wa miaka arobaini na kitu anaruhusiwa kusema hivyo, na tangu hapo nimeongoza wageni msituni Amani, nimesafirisha karoti za Lukozi, na sijatulia. Vijana huniambia piramidi wanaiona kiganjani. Siwabishii. Wanaiona vizuri kuliko tulivyoweza kuwaonyesha, na ningefurahi Mkurugenzi angekuwepo aione nao.

Alikuwa mtu wa usahihi. Aliwahi kunikaripia mbele za watu kwa kukosea idadi ya pande za piramidi. Lakini mshono ule hakuufumua. Maonyesho yetu ya mwisho yalikuwa shuleni Lukozi, na mwalimu mmoja kijana aliuona.

"Samahani, mzee. Wamisri walishonea uzi mwekundu?"

"Wamisri, hapana," Mkurugenzi alisema, akiupapasa kwa kidole. "Huu ni wa Mlola."