Alama Zilizoficha Saa ya Mazishi

Mie ndiye ninayeandika kwenye tovuti ya chama cha maseremala wa Keko, na najionaga mjuzi. Mzee Sefu alipofariki niliandika kwamba atazikwa, kisha nikaweka “leo saa saba, Pugu” katikati ya alama za < na >, ati ipendeze. Nilishafundishwa kwamba tovuti hudhani alama hizo ni amri na kuficha kilichomo, usipoziandika kwa msimbo wake. Nikasahau, wala sikurudi kusoma.

Makaburini tulikuwa saba. Tulibeba jeneza bila wa kutupokea.

“Kaka, baba aligombana na wenzake?” mwanawe Hamisi aliniuliza.

Simu ikaita. Alikuwa fundi mmoja wa Keko.

“Tumeshavaa kanzu. Umeandika atazikwa, basi. Atazikwa lini?”

Hamisi alikuwa anamwagia kaburi maji.