Zamu Yangu na Moto wa Mivinje

Nilisikia moto kabla sijauona. Majani makavu yalikuwa yakitatarika nyuma ya migongo ya watu, mfano wa bisi kikaangoni, na sauti ya mwanamke ikawa inasema, "Polepole! Usiukimbize. Uache utambae."

Nilikuwa natoka sokoni Kariakoo na kikapu cha ndizi. Nikapenya mpaka mbele, ndipo nikamwona mume wangu. Alishika kuti bichi, akimfuata mke mwenzangu nyuma nyuma, akizipiga cheche kila alipoonyeshwa kwa kidole. Mume wangu, fundi cherehani, ambaye nikimwomba asogeze kiti tu huniambia nisubiri, alikuwa akitii kidole.

Yalikuwa mafunzo ya Bwana Miti, karani wa misitu aliyetumwa na Serikali kuwafundisha wenye mashamba ya mivinje kuyachoma bila kuyaunguza. Wengi wao walikuwa watu wa mjini kama sisi, na mashamba yao yalikuwa ng'ambo ya kivuko. Jioni walikutana kwenye uwanja wa jirani na mtaa wetu, wakamwaga magunia ya majani ya mvinje, membamba kama nywele, wakajaribu.

"Bwana Miti," alisema Mwarabu mmoja mwenye duka, "miaka yote hii mnatukamata kwa kuchoma. Leo mnatufundisha?"

"Mlikuwa mnachoma kiangazi kikali, mzee wangu, mkishawasha mnakwenda kulala. Choma mapema, ardhi ikiwa bado na unyevu. Moto uende kinyume cha upepo, uwe mfupi, ule takataka za chini uache miti."

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Alikuwa akimtazama bi mkubwa.

Shamba lilikuwa la bi mkubwa, amelirithi kwa baba yake. Mimi ni mke mdogo, na watu hudhani wivu ni wa yule aliyeolewa kwanza. Wanajidanganya. Jioni ile nilimwonea wivu mwanamke mwenye mvi na visigino vilivyopasuka, kwa kuwa moto ulimlalia miguuni, na mwanga wake ukampanda usoni mpaka akawa msichana, na mume wetu akaona. Nilirudi nyumbani na ndizi zangu, sikumbuki hata njia niliyopita.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Tulikuwa tunakunywa chai asubuhi, mimi na mume wangu, bi mkubwa akapiga hodi. Alikuwa hajawahi kuja kwangu siku ya zamu yangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sikai. Nimekuja kukuomba zamu."

Kwetu zamu ya mke haiguswi. Mwenzake akiitaka, aje mwenyewe, aombe kwa mdomo wake.

"Ya leo?"

"Ya leo na kesho. Tukichoma tunalala hukohuko mpaka visiki vipoe. Manyunyu ya juzi yamelowesha chini, juu kumekauka, na upepo umetulia. Tukikawia, kutakauka mpaka chini, moto utapanda mitini. Miti ya baba yangu, mdogo wangu."

"Si una vibarua?"

"Vibarua wanajua kufyeka. Aliyefundishwa pamoja nami ni huyu."

Pamoja nami. Nikayameza na chai.

"Na upepo nao ukachagua zamu yangu."

"Nenda kauulize." Akacheka kidogo. "Mwenzangu, ningetaka kumwiba ningekuja hodi?"

"Jamani," alisema mume wetu, "mimi nipo hapa."

"Tumekuona," tukamjibu sote wawili.

Nilimtazama. Ningekataa, ningebaki na mume aliyeketi kwangu huku macho yake yakitafuta moshi ng'ambo. Ningekubali, angelala kwenye majivu ya joto karibu na mwanamke aliyejua kuuamuru moto. Nikafikiri pia juu ya yule mzee marehemu, aliyepanda miche ile mmoja mmoja kwenye mchanga.

"Nimekupa," nikasema. "Lakini Jumamosi—"

Sikumaliza. Mume wetu alikwisha anza kuvaa viatu. Nilitamani kamba zimtatize, afunge, akosee, afungue tena. Alichukua panga nyuma ya pipa la maji, akasema, "Nitarudi, mama," akatoka mbio kama mtu aliyeitwa ngomani.

Bi mkubwa alibaki kizingitini. Macho yake yalikuwa mezani, kwenye kikombe kilichokuwa bado kinafuka mvuke.

"Hata chai hakumaliza," akasema taratibu. "Kwangu pia huiacha hivyohivyo, zamu yako ikifika."

Alijitanda kanga yake vizuri, akashuka barazani kumfuata, nami nikaufunga mlango nyuma yake.