Jina la Ugonjwa wa Mdogo Wangu

Juzi nikipita mtaa wa Huruma nilisikia cherehani ikilia dirishani, nikasimama. Rafiki yangu, sauti ile ilinirudisha kwenye ploti yetu ya zamani ya vyumba vya kupanga, kwa mama akishona yunifomu za shule, uji ukichemka jikoni, na mdogo wangu amelala juu ya vipande vya vitambaa.

Mtoto huyo wa kike alizaliwa na kichwa kikubwa na madoa mekundu mgongoni. Alikuwa mlegevu, alitimiza miaka miwili hajaketi. Kwenye zahanati moja walitazama kichwa wakasema kimejaa maji. Kwenye nyingine walitazama madoa wakatupa mafuta ya kupaka. Mferejini, wakiteka maji, wanawake walinong'ona, "Alikosea nini akiwa na mimba?" Mama alisikia, akabeba mtungi wake akaenda zake. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisani alikizungushia kichwa kile tepu yake ya kushonea, akaandika kipimo kwenye daftari langu kuukuu, ndipo akatukaangia mandazi.

Katika hospitali kubwa, daktari mmoja msichana alilisoma daftari lote.

"Nani alipima hivi?"

"Ni mimi, daktari."

"Umetusaidia sana, mama."

Akamvua mtoto soksi, akakuta vidole viwili vya mguu vimeshikana. Akarudi kwenye madoa, kisha kichwani. Akaagiza picha ya ubongo. Siku ya majibu alitueleza kwamba yote yale yalikuwa ugonjwa mmoja, wa nadra, unaofanya mwili ukue kupita kiasi, na ulianzia tumboni bila kosa la mtu.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Mama alilia sana. Dawa ya kuuondoa haikuwepo, ila sasa walijua la kuchunga: ubongo upigwe picha mara kwa mara, na viungo vifanyiwe mazoezi.

Jioni ile mama alisimama mferejini. "Mtoto wangu ana ugonjwa, na una jina. Anayetaka kulijua aniulize mimi."

Kisha jirani aliyenong'ona kuliko wote akamtua mtungi. "Tuambie basi. Tumsaidie vipi?"

Jirani huyo ndiye aliyemshika mtoto mkono mazoezini, na mtoto alipopiga hatua ya kwanza, akiwa na miaka minne, ua mzima ulipiga vigelegele.

Leo mdogo wangu anasuka watu nywele mtaa wa Lucky Summer. Huongea polepole na kucheka haraka. Mama tulimzika kwao Ukambani. Ploti ilibomolewa, ghorofa zikapanda, na wapangaji wa sasa hawajui kwamba pale aliishi mwanamke asiyemaliza hata shule ya msingi, aliyemtazama mtoto wake kwa makini hadi madaktari nao wakamwona.