Gari Langu la Kahawa

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka. Tangu vita vilipofunga barabara za kwetu Butembo, depo yangu ya kahawa hapa Lubumbashi ilibaki tupu, nami nikabaki na mchezo wa simu: unaendesha gari la kuuzia kahawa, unapanga bei, unaajiri watu. Mle simuni nilikuwa bosi kweli.

Siku moja mama mkwe akapiga. "Mukwe wangu, biashara iko namna gani?"

Wateja wa mchezoni walikuwa wamejipanga, nikajibu bila kufikiri: "Iko muzuri, mama! Kahawa inatoka sana. Nimenunua gari ya kubwa!"

Akapiga vigelegele. Ningemsahihisha palepale, lakini ni zamani sana mtu hajanipigia vigelegele. Nikaongeza kwamba nimemfukuza muuzaji mmoja mvivu.

Nilichosahau ni kwamba kwetu gari jipya halitembei bila baraka.

Jumamosi mama mkwe akafika kwangu, mtaa wa Makomeno, na mchungaji, chupa ya mafuta na kwaya ya wamama. Majirani wakaleta viti vyao, maana mwenye gari jipya lazima awanyweshe watu. Wakaimba, macho kwenye geti.

"Gari iko wapi?" mchungaji akauliza.

Mke wangu, aliyejua yote, akaonyesha mfuko wa shati langu.

Nikatoa simu. Nikawaonyesha gari la mchezoni. Nyuma ya mama mkwe akajitokeza shemeji yangu, aliyeacha kazi kule Lukafu aje kushika nafasi ya yule mvivu. Alikuwa amevaa aproni mpya, imepigwa pasi. Akainamia kioo cha simu, akatazama sana.

"Shemeji," akauliza, "sasa miye nitasimama wapi?"